Kioo Kilichojaribiwa kwa Jiwe: Safari ya Mwalimu Fanuel Mwadime

Mimi ninayesoma ni Wakesho, dada mdogo wa marehemu. Kaka yangu alinipa kazi hii akiwa bado na pumzi ya kusema, akaniwekea sharti moja: tutakapowataja waliomtangulia, jina la Lorine lisomwe. Lorine alikuwa mwanafunzi wake, si mtoto wa nyumba yetu. Nikamwambia jina hilo lina mwenyewe, naye ni baba yake, Mzee Sylus Ochola wa Voi. Akanijibu, "Basi kamuulize." Tutafika huko.

Marehemu Fanuel Mwadime alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961 kijijini Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Zephaniah Mwadime na marehemu mama Mghoi. Utoto wake ulikuwa wa kulinda mahindi. Ndovu wakiingia, watoto hupiga debe mpaka mikono ife ganzi. Siku moja Fanuel alisinzia zamuni, akaamka akakuta upande mmoja wa shamba umeliwa. Akalipiga debe kwa nguvu zote ili baba ajue mlinzi yuko macho. Baba alilisikia debe, na Fanuel naye akaisikia fimbo. Hadithi hiyo alipenda kuisimulia mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini hadi 1976, kisha sekondari kule milimani Wundanyi, 1977 hadi 1980. Barabara ya Kasigau wakati huo ilikuwa mbovu, na ninyi mliokuja nayo leo ni mashahidi kwamba haijabadili tabia. Akasomea ualimu wa hesabu na kuhitimu mwaka 1985. Mwaka uliofuata alipelekwa kufundisha Njukini.

Ni sokoni Njukini alikompata mkewe. Mama mkwe wake aliuza vyungu, na binti yake Tryphena alikuwa akimsaidia. Sisi kwetu kitu hununuliwa kwa kugongwa: chungu hugongwa, tangi hugongwa, jembe hupigwa kwenye jiwe. Kaka yangu akagonga chungu kimoja, akarudia, akahamia cha pili. Tryphena akamuuliza, "Mwalimu, unanunua ama unawaadhibu?" Walifunga ndoa kanisani Taveta tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, Noah na Shanice.

Mwaka 2006 alifanywa mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana upande wetu wa Kasigau. Sitaitaja jina, kwa heshima ya wanaosoma pale sasa. Aliikuta imechoka, akaipa maji, maktaba, na hatimaye, mwaka 2012, bweni jipya. Ndani ya bweni hilo palikuwa na mlango kati ya stoo ya magodoro na ujia wa kutokea, nao ulihitaji kioo ili matroni aone upande wa pili. Muuzaji alileta vipande vitatu vya mfano. Kimoja kilikuwa na waya ndani. Kingine kilikuwa cha tabaka, kizito, na katikati yake kuna ute mwembamba. Cha tatu kilikuwa kile kigumu kilichochomwa kiwandani. Muuzaji alianza kueleza, lakini wanakamati walikuwa wameshatoka nje kutafuta jiwe.

Kaka yangu ndiye aliyelishika. Cha waya kilipasuka, kikaning'inia. Cha tabaka kikafanya nyufa. Kigumu kikalirudisha jiwe miguuni pake, na watu wakapiga makofi. Mzee Mutunga, mwenyekiti wa kamati, akasema, "Hii ndio yenyewe, Mwalimu. Hata ndovu ataomba ruhusa." Wakacheka, wakaagiza. Kwa mtoto wa Kasigau, adui ni yule anayevunja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya moto.

Jumamosi tarehe 5 Julai 2014, alasiri, nyaya za umeme zilishika moto ndani ya stoo ile. Wanafunzi wengi walikuwa uwanjani. Ndani walikuwamo wanne waliokuwa wakiugua malaria. Kile kioo kigumu kilistahimili kwa muda mfupi, kisha kikamwagika chote kwa pamoja kama punje za mahindi gunia likipasuka. Moto na moshi vikajaa ule ujia, na ujia ulikuwa ndiyo njia pekee. Watatu walikuwa wameshapita. Kaka yangu aliingia kumtafuta wa nne, akatolewa na walimu wenzake akiwa hajitambui, mikono mitupu. Wa nne alikuwa Lorine.

Uchunguzi haukumtia hatiani. Yeye alijitia. Aliacha kazi mwaka 2015, akajifunza habari za vioo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, kisha akaanza kuzunguka na kiondo chenye vipande vya vioo na jiko dogo la gesi. Alikwenda kwenye mashule, zahanati na hosteli, kuanzia Voi hadi Taveta. Alikuwa akisema, "Msinigongee. Wekeni juu ya moto." Watu wakaona wenyewe: kigumu kinamwagika, cha waya kinazuia mwali lakini kinapitisha joto la kumchoma anayepita mbele yake, na kile cha tabaka, ute wake unavimba na kugeuka mweupe kama wa yai kikaangoni, na joto linabaki upande wa moto. Aliwaonya kwamba hata hicho hakifai kitu bila fremu na mlango uliopimwa pamoja nacho. Kila alikokwenda alianza na swali moja: nani atapita mbele ya kioo hiki akikimbia?

Wengi walimpa soda na kumwambia atapigiwa simu. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Bweni la shule yake lilijengwa upya kwa kioo alichokichagua yeye. Kimekaa pale miaka yote hii bila kujaribiwa, na tunamwomba Mungu kisijaribiwe.

Moshi wa siku ile haukumtoka mapafuni. Kuanzia 2021 aliishi kwa mtungi wa oksijeni, akawa hawezi tena kukaribia moto. Wageni wakija, Tryphena ndiye aliyewasha jiko uani, naye akifundisha kutoka kitandani kupitia dirishani, akikohoa zaidi kuliko kusema. Alilazwa hospitalini Voi mwezi Septemba, akafariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025. Mtakaopita kumuaga mtaona jeneza halina kioo. Ni yeye aliyeagiza hivyo.

Sasa nije kwa Mzee Ochola, aliyefanya kazi ya reli Voi maisha yake yote. Kila tarehe 5 Julai kaka yangu alikwenda nyumbani kwake. Mwaka wa kwanza hakufunguliwa. Mwaka wa pili Mzee alimwambia, "Mwalimu, ingia ukae. Lakini usiniombe msamaha, sina." Akakaa. Ndivyo walivyofanya kila mwaka, wazee wawili na chai, mpaka mmoja akashindwa kupanda ngazi.

Wiki hii wifi yangu Tryphena nami tulikwenda kumuuliza habari ya jina. Alitumiminia chai kwanza. Kisha akasema, "Huyo mtoto ni wangu, sio wake. Muandike hivyo. Na kitu ingine. Kila mahali wanasoma siku alikufa. Msichana yangu alizaliwa pia. Hiyo hakuna mtu huisoma. Mkisoma hiyo, mimi nitakuja."

Amekuja. Ameketi pale mstari wa pili.

Marehemu ameacha mjane wake, Tryphena; watoto wake, Noah na Shanice; wajukuu wanne; nami dada yake. Wametangulia wazazi wetu, Zephaniah na Mghoi. Kaka zetu wakubwa wawili, Ben na Mwakio. Na mtoto wa Mzee Sylus Ochola, Lorine Akinyi, aliyezaliwa Voi siku ya Jumatano, tarehe 22 Aprili 1998, asubuhi, mvua ikinyesha.

Kaka, limesomwa. Pumzika sasa.