Hadithi za Mchana za Bi Zuleha

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum. Mimi ni Sabiha. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani asimame kidogo, maana leo tuna msiba wa kuusimulia.

Tunamkumbuka Bi Zuleha binti Mwinyijuma wa Mlingotini. Alikuwa mkulima wa mwani na mtambaji wa hadithi. Amefariki dunia Jumamosi, tarehe thelathini Agosti mwaka huu wa 2025, akiwa na miaka sitini na saba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nasema mapema, kumbukumbu hii si nyepesi. Ndani yake kuna jambo ambalo mwanawe mwenyewe ameomba lisemwe hadharani. Nami nimemkubalia, ingawa kwa moyo mzito.

Bi Zuleha alizaliwa Mlingotini na akaishi Mlingotini. Mumewe alimwacha mjane angali kijana, na mtoto mmoja tu wa kiume, Yahya. Mwani ndio uliomlea Yahya. Maji yakipwa, mama anaingia baharini na kamba zake. Maji yakijaa, anakaa bandani na wenzake kufunga mbegu mpya. Kipande cha mwani unakishika kwa uzi mdogo, wenyewe wanauita taitai, unakifunga kwenye kamba ndefu. Halafu kingine, halafu kingine tena, mpaka vidole vife ganzi.

Mwaka 1996 alikuja kijijini mtaalamu wa mwani kutoka Ufilipino. Mbegu yenyewe ilitoka kwao, naye alikuja kufundisha namna ya kuitunza. Jina lake Luzviminda. Jina lile liliwashinda watu, wakamwita Mama Luzi. Alipanga chumba kwa Bi Zuleha, akakaa miaka mitatu. Kiswahili alikiokota humo humo bandani, kikiwa kimevunjika hivyo hivyo.

Siku moja, katikati ya kazi, Mama Luzi akaanza kusimulia hadithi. Bi Zuleha akashtuka. Wasikilizaji, mnajua wazee wetu wa pwani walivyokataza kutamba hadithi mchana. Walisema kazi italala.

"Mama Luzi, ngoja jua lizame," Bi Zuleha alimwambia.

"Kwetu watu wanafanya kazi, mdomo unafanya hadithi," akajibu mwenzake. "Dada, hadithi yangu ya Ufilipino. Haijui saa ya Mlingotini."

Banda zima likacheka, na tangu siku hiyo hadithi za Kifilipino zikaruhusiwa mchana. Walisikia habari za viumbe wadogo wanaoishi kwenye vichuguu, ambao mpita njia huwaomba radhi asije akawakanyaga. "Kumbe na nyie mnapiga hodi kwenye kichuguu!" Bi Zuleha alisema, akacheka mpaka kamba ikamponyoka. Walisikia vitendawili ambavyo huko kwao hutegwa hata kwenye matanga, ili wafiwa wasisinzie. Na walisikia hadithi moja ndefu, ya nyoka wa baharini aliyekuwa akimeza miezi ya mbinguni.

Hiyo ya nyoka Mama Luzi alipewa na bibi yake. Alimkabidhi Bi Zuleha yote, neno kwa neno. Alimwambia, "Watoto wangu wadogo, hawana masikio bado. Nishikie wewe." Bi Zuleha akaipokea kama amana. Nalirudia neno hilo, wasikilizaji, maana ndilo lililomuumiza baadaye. Amana.

Mama Luzi aliporudi kwao, Bi Zuleha akaendelea kutamba. Hakuanza kwa paukwa kama tunavyoanza sisi. Alikuwa akisema, "Kamba!" na watoto wanaitika, "Tumeshika!" Katika hadithi ile ya nyoka kuna mahali chungu kinapigwa. Hapo alikuwa akimpa Yahya mwiko, naye mtoto anaipiga sufuria kwa furaha yote. Kila mara ni Yahya.

Yahya akakua. Akaenda Lugoba kusoma dini, akarudi akiwa na miaka ishirini na miwili, akawa maalimu wa madrasa. Mama yake alijivuna naye, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Sasa sikilizeni. Juni 2011 mwezi ulipatwa. Maalimu Yahya akawaita watu msikitini kwa swala ya kupatwa kwa mwezi. Watu wazima wakaja. Watoto hawakuja. Watoto walikuwa njiani na makopo na masufuria, wakipiga na kupaza sauti, "Nyoka, tapika mwezi!" Wazee wakamgeukia maalimu kijana. Mmoja akamuuliza, "Hao si wanafunzi wako? Na huyo nyoka si wa mama yako?"

Asubuhi yake Yahya alikwenda kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Mama, mimi nafundisha watoto tauhidi, na wao wanamwamini nyoka wako. Nakuomba uache."

Yahya anasema alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakuupata. Mama alisema tu, "Nimesikia, mwanangu," akashika kamba yake akaendelea kufunga.

Bi Habiba, shoga yake wa miaka yote, ametuambia hivi: "Zuleha hakununa. Lakini banda lilipoa. Tulikuwa tunafunga taitai kama watu waliogombana. Mimi nilimwambia, tamba kidogo tu, mwanao hayupo. Akasema, mimi nimeshasema nimesikia."

Miaka kumi na miwili alinyamaza. Miaka kumi na miwili, wasikilizaji.

Mwaka 2023 mlango ukabishwa hodi. Alikuwa binti wa Mama Luzi, jina lake Ligaya, na mkalimani wake. Mama Luzi alikuwa amefariki. Tufani ilikuwa imechukua nyumba ya bibi yao na daftari za hadithi zilizokuwamo. Ligaya alitaka kitu kimoja. Alitaka ile hadithi ndefu ya nyoka. Mama yake alimwachia maneno kwamba iko salama, iko nzima, iko kwa Zuleha wa Mlingotini.

Bi Zuleha alimtazama mwanawe. Yahya alikuwepo, ameketi kizingitini. Yahya akatikisa kichwa kukubali. Basi akatandika mkeka, Ligaya akaweka simu ya kurekodia, na mama akaanza.

Zamani mbingu ilikuwa na miezi saba. Nyoka wa baharini aliipenda, akapanda akameza mmoja, akarudi kwa wa pili, mpaka akabakiza mmoja. Watu wakaogopa, kila mtu akimsubiri mwenzake aseme neno. Akatoka bibi kizee mwenye chungu kimoja tu, na ndani yake mna wali. Akaumwaga wali, akakipiga chungu mpaka kikapasuka. Nyoka akageuka kumsikiliza. Bibi akamwambia...

Bi Zuleha akasita. "Akamwambia... akamwambia..."

Hakukumbuka. Alirudi mwanzo, akafika palepale, akakwama palepale. Siku tatu alijaribu. Ligaya alimwambia kwa upole kwamba mama yake alikuwa akisema, bila maneno ya yule bibi hadithi ile ni kelele za vyungu tu. Siku ya nne mgeni akamkumbatia, akaondoka.

Na Yahya? Yahya alikuwa kizingitini siku zote tatu. Yahya alikuwa akiyakumbuka maneno yale yote.

Ametuambia kwa mdomo wake: "Niliyajua. Yalikuwa yanakuja mara tu baada ya mimi kupiga sufuria, ningeyasahau vipi? Lakini niliona haya. Mimi ndiye niliyekataza, niseme nayajua mbele ya mgeni? Nikasema nitamwambia mama kesho, tukiwa wawili. Ikawa kesho, na kesho nyingine."

Bi Zuleha hakupona jambo lile. Alimwambia Bi Habiba, "Amana ya watu imenipotea mikononi." Mwaka huu alipougua, alikuwa akiuliza kila aliyeingia chumbani, "Alisema nini yule bibi?" Watu walidhani ni homa. Yahya alijua si homa. Jumamosi ile, kabla ya adhuhuri, mama akafariki bila kujibiwa.

Siku ya nane, Jumapili tarehe saba Septemba, wakati wa isha, mwezi ukapatwa tena. Maalimu Yahya aliswalisha. Safari hii watoto walikuwa msikitini wote. Swala ilipokwisha aliwaongoza mpaka uani kwa mama yake, akaingia jikoni, akatoka na sufuria na mwiko.

Akasema, "Hakuna nyoka. Mwezi ni alama ya Mwenyezi Mungu, na tumekwisha kuswali. Hii ni hadithi, na hadithi ni hadithi. Kamba!"

Watoto wakatazamana, hawakujua la kuitika. Walioitika ni akina mama wa bandani, kutoka nyuma kabisa: "Tumeshika!"

Akatamba yote, mpaka chungu, mpaka maneno ya bibi. Nayo ni haya: "Nyoka, huo wa mwisho si wetu wala si wako. Ndio utakaotuonyesha njia ya kurudi nyumbani, sisi na wewe pia." Nyoka akafumba kinywa, akashuka.

Bi Habiba aliirekodi kwenye simu yake, nasi tukamtumia Ligaya. Alishukuru, kisha akauliza swali moja. Je, Mama Zuleha aliwahi kuyasikia tena maneno hayo kabla ya kufariki?

Maalimu Yahya amelisoma swali hilo. Hajalijibu bado.

Tunatoa pole kwa Maalimu Yahya, kwa Bi Habiba na akina mama wote wa mwani Mlingotini, na kwa Ligaya aliye mbali. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Zuleha. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu anakuuliza neno nawe unalijua, inuka umwambie leo, hata kama uso unaungua kwa haya.

Tunawaacha na sauti kutoka uani kwa Bi Zuleha. Ni sufuria yake na mwiko wake. Anayepiga ni mwanawe.