Mwa ya Mwakalesula

Kwenye gari la abiria aina ya Noah la kwenda Ikuti, kijana wa mbele yangu alipakata msalaba wa mbao ulioandikwa LAZARO KALESULA. Mzee aliyekaa naye alikuwa akiusoma tangu Tukuyu.

"Fundi amekosea, mwanangu," alisema. "Ni Mwakalesula. Kalesula ni babu yetu aliyehamia kutoka Kisondela. Sisi wengine ni Mwa, yaani watoto wake. Tumebaki nyumba mbili Ikuti, na wachache waliovuka kwenda Malawi."

"Hajakosea, mzee. Lazaro ni baba yangu. Tulimzika wiki iliyopita huko Ikuti, kando ya mama yake."

"Basi umemzika kwa jina la babu yake." Alicheka peke yake. "Tafuta rangi tuongeze Mwa. Jina lenyewe linaisha, nanyi mnalikata?"

"Baba alilikata mwenyewe. Mlipomfukuza kwenye migomba ya ukoo, mlikaa kikao mkamwambia si mtoto wa ukoo huu. Akatii. Akaitoa hiyo Mwa, akaenda Dar na kilichobaki."

Mzee alisema wakati ule walioongea ni wakubwa. Wakubwa wa vikao vya namna hiyo, nimeona, huwa wameshakufa wote.

"Hata hivyo kaburi liko kwetu," aliongeza. "Watu watasoma."

"Ndiyo maana nimeandikisha kwa herufi kubwa."

Gari lilisimama. Mzee alishika ncha moja ya msalaba ili kumsaidia kuushusha, kijana akashika nyingine, na hakuna aliyeachia. Konda akawaomba watupishe.