Mwalimu Bernadette Ngabusi, Aliyefundisha Watu Kukubaliana

Marehemu hakuacha kamwe tabia ya kupanga viti kwa duara. Akiingia nyumba ya mtu, hata kabla ya kuletewa chai, alisogeza viti mpaka kila mmoja amwone mwenzake usoni. Wengine walifurahi. Wengine walichoka, lakini hawakumwambia.

Bernadette Ngabusi alizaliwa Kpandroma tarehe 3 Septemba 1966, binti wa mzee Paul, mfanyabiashara wa maharagwe, na mama Domitille. Mwaka 1979 baba alijenga nyumba katika mtaa wa Mudzipela, Bunia, familia ikahamia huko. Mdogo wake wa pekee, Ketsia, alizaliwa miaka miwili baadaye. Marehemu alipata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1986, kisha akasoma miaka mitatu katika chuo cha ualimu.

Kuanzia 1990 alifundisha Kifaransa na teatre, yaani michezo ya kuigiza, katika shule ya sekondari hapa mjini. Darasani kwake hakukuwa na kura. Wanafunzi walitunga mchezo wao wenyewe, na kila jambo, tangu jina la mchezo hadi maneno ya mwisho, lilipaswa kukubaliwa na wote. Kila mmoja alisema kwa zamu. Aliyekataa alitoa sababu, na wengine walirudia sababu hiyo kwa maneno yao kabla ya kuijibu. Alisema kura inawaacha watu na kinyongo. Alikuwa na ufundi, hilo halikanushwi: vijana ambao wazazi wao hawakusalimiana walisimama pamoja jukwaani.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na Josaphat, dereva. Wiki ya kwanza Josaphat alirudi kutoka kazini akakuta viti vimeshapangwa, akamwuliza: "Mwalimu, siye tuko wawili tu. Duara itatoka wapi?" Marehemu alicheka, ila viti havikurudi ukutani.

Baba alipofariki mwaka 1996, baba wadogo waliitaka nyumba ya Mudzipela. Marehemu, kama mtoto wa kwanza, aliongoza kikao cha familia. Siku mbili mama alikataa. Siku ya tatu alikuwa amechoka, akainamisha kichwa. Hiyo iliitwa maelewano. Mama alihamia chumba cha kupanga, na humo alifia mwaka 2009. Baba mdogo Blanchard anaishi katika nyumba ile hadi leo, na ameketi hapa mbele yetu.

Mwaka 1998 darasa la marehemu lilitunga mchezo juu ya mjane aliyefukuzwa na shemeji zake. Wanafunzi walitaka mwishoni awasamehe na wote wacheze ngoma. Mmoja tu alikataa: Ketsia, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Alisema mjane arudishiwe nyumba kwanza. Siku tatu darasa zima lilibakizwa baada ya masomo, na njaa. Siku ya tatu Charlotte, rafiki yake, alimwambia akubali, mbele ya wote:

"Ketsia, itika tuende. Ao weye ni mutoto wa huyu mujane?"

Darasa lilicheka. Marehemu hakucheka. Ketsia alinyamaza, na marehemu akafungua daftari akaandika kwamba wote wamekubaliana. Mchezo ulionyeshwa siku ya kufunga mwaka wa shule. Baba wadogo walikaa mstari wa mbele, wakapiga makofi.

Kamati ya mazishi iliomba iandikwe hapa kwamba marehemu aliunganisha familia. Wanakamati wote walikubaliana. Aliyepewa kalamu hakukubali, kwa hiyo haikuandikwa.

Mwaka 2019 marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari, na miaka miwili baadaye aliacha kufundisha. Aprili mwaka huu figo zilishindwa, akapelekwa hospitali ya Nyankunde, ambako alitunzwa vizuri. Alifariki huko asubuhi ya tarehe 14 Mei 2024, akiwa na miaka 57.

Ameacha mume, watoto watatu, David, Viviane na Gaël, wajukuu wanne na mdogo mmoja. Mungu ampe amani ambayo katika familia hii bado hatuna.

Jumapili tarehe 12 Mei, alasiri, aliomba wengine watoke chumbani. Mlango ulipofungwa, akamwambia mdogo wake:

"Ile siku weye haukuitika. Niliona. Nikaandika tu."