Sista Nelius na Mama Mkwe Aliyetaka Kidonda Kikubwa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Sista Nelius Igoki, muuguzi wa chumba cha upasuaji, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2011. Hospitali yetu hapa Meru inampoteza mtu asiyejua kutulia. Hata chai huinywa akitembea. Sisi wasukuma vitanda tumejificha kila kona, na kila kona ametukuta.

Alitoka Embu, kule mtaa wa Dallas, msichana mwembamba. Tulimpa mwezi mmoja arudi kwao. Akabaki, akajifunza hata kututukana kwa Kimeru.

Upasuaji wa matundu madogo ulipokuja, yeye ndiye aliyepelekwa Nairobi kuusomea. Tumbo linajazwa hewa, kamera nyembamba inapita kwenye kitovu, daktari anakata akitazama televisheni. Wengine wetu tuliuliza kama na mpira wa Jumapili ungeonekana. Tulifukuzwa.

Lakini aliyemkosesha raha kabisa ni Karwirwa wa Nchiru, ambaye mwenyewe ametuambia tumtaje. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, na mama mkwe wake, Cicily, alishamtafutia mwanawe Koome msichana mwingine wa kuoa, fundi cherehani. Kumbe ugonjwa wa zamani uliacha makovu yaliyogandisha mirija ya uzazi. Daktari aliyakata kupitia matundu matatu.

Kesho yake Cicily akaja, akafunua shuka, akaona plasta tatu.

"Hii ndiyo operesheni? Hata ng'ombe yangu ilishonwa kuliko hii! Mpasueni vizuri!"

Akaketi mlangoni, haendi nyumbani. Sista, Karwirwa akiwa amekubali, akamwekea mkanda wa operesheni kwenye televisheni. Mama akatazama ule utando wa makovu ukikatwa, mirija ikiachiliwa.

"Kwa hivyo si roho yake mbaya iliyozuia mtoto?"

"Wala si yako, mama. Na yule msichana mwambie aendelee na cherehani yake."

Daktari hakuahidi kitu. Miezi ikapita, Sista akichungulia kliniki kila asubuhi, anarudi amekunja uso, na sisi ndio tunagombezwa. Mpaka Januari, Karwirwa alipokuja na habari, na Sista akampiga kofi la furaha dereva asiyehusika.

Mtoto anatarajiwa Agosti. Cicily ameshafika ofisini kuuliza ni nani aliyeruhusu Sista aondoke kabla mjukuu hajatoka.

Asante, Sista, kwa mikono yako na hata kwa makelele. Embu ikupokee vizuri, afya na amani zikufuate. Ila Agosti simu usizime. Cicily akipiga, hapa hakuna mwanamume wa kumjibu.