Didas Haule, Aliyekataa Ugonjwa Wake Ufichwe

Ndugu, majirani wa Boko na wanajumuiya, huyu ndiye tuliyekuja kumsindikiza, na tunamsindikiza kifua mbele.

Marehemu Didas Haule alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, Peramiho, Songea. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972. Hesabu aliziweza, kuimba kulimshinda, ingawa kwaya haikuthubutu kumwambia.

Mwaka 1975 aliingia Dar es Salaam, akawa wakala wa forodha Kurasini hadi alipostaafu. Bandarini walimjua kwa neno lake: "Fungua kontena kwanza, maneno baadaye." Hakuwahi kusaini mzigo asiouona.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Sesilia, wakajaliwa Tekla na Brightson.

Mwaka 2018 mkojo ulianza kumtoka kwa shida. Akasema ni uzee. Mkewe akamwuliza, "Baba Tekla, makontena ya watu unafungua, lako unamngoja nani?" Akacheka, akaenda. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alimpima damu, akaipapasa tezi dume kwa kidole, kisha akachukua vinyama vya kupeleka maabara. Ilikuwa saratani, na ilishafika kwenye mifupa. Sindano za homoni na mionzi vilitupa miaka mingine sita pamoja naye.

Daktari alimwuliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua hivyo. Didas akajibu hakuna. Kumbe kaka yake Jonas, aliyezikwa Songea mwaka 2009 na wasifu ukasema "mgongo", aliuawa na ugonjwa huohuo. Shemeji yake, mjane wa Jonas, ndiye aliyemfunulia: ukoo uliona aibu kuutaja. Didas alikasirika mno. Jioni hiyohiyo alimpigia simu mdogo wake Gaspar, mfanyabiashara wa Chamazi.

"Kaka, mie sina tatizo. Hiyo ishu ya kidole, hapana."

"Sijakuuliza kama una tatizo. Kesho nakufuata."

Akamfuata kweli, mgonjwa akampeleka mzima hospitali. Gaspar alikutwa na saratani changa, bado iko ndani ya tezi. Akafanyiwa upasuaji, akapona.

Didas alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, kwa saratani ya tezi dume. Aliagiza itamkwe hivyohivyo mbele ya wanaume wote, asizikwe na "kuugua kwa muda mfupi".

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake Gaspar, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu akiwa mzima.

Kaka, nimeutaja ugonjwa wako kama ulivyoniagiza. Pumzika kwa amani.