Mama Yetu, Aliyelifufua Gari la Baba

Ndugu, jamaa na majirani, mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akatambaa mapema, akatembea mapema, na ndugu zake wakampachika jina la Chapuchapu, ambalo halikumtoka maisha yake yote.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1969, na Januari 1971 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya ramani, ambako alimaliza barua kabla mkubwa wake hajamaliza kuisema. Humo alikutana na mchoraji ramani mmoja, mtu wa polepole kupindukia, wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1981 baba alinunua gari kuukuu lililoundwa 1959, akawa analitengeneza mwenyewe uani kila Jumamosi, naye mama husimama mlangoni, keshavaa nguo za kutokea, akimwambia, "Baba watoto, utazeekea chini ya hilo gari," na baba hujibu kutoka uvunguni, "Bado kidogo tu, mke wangu." Hakuzeeka. Alifariki ghafla tarehe 2 Juni 1994, injini ikiwa wazi, vipuri vimepangwa kwenye makopo ya maziwa.

Makanika wa mtaa alikuja kulitaka, akasema, "Mama, uza tu, hilo sasa ni banda la kuku," mama akamjibu, "Basi ingia utage." Akavaa ovaroli la mumewe, akakunja mikono, na kwa papara yake, siku hiyo hiyo, akakata kichwa cha bolti ya ekzosi, akaketi chini akaangua kilio ambacho hata mazikoni hakukitoa. Tangu hapo alijifunza kuimwagia mafuta bolti yenye kutu na kuiacha ilale, kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, kusafisha kabureta kwa mswaki, na kurudia alipokosea bila kutukana, akatuambia kwamba laiti angalijua kazi ile inavyokwenda, asingalisimama mlangoni, angalichuchumaa kumshikia taa.

Tarehe 21 Agosti 1999 injini iliitika. Sisi wanawe tulipiga vigelegele, yeye akashuka, akazunguka mbele ya gari, akaingia upande aliokuwa akikaa siku zote, akafunga mlango, akatazama usukani usio na mtu mpaka petroli ikaisha, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Alistaafu mwaka 2006, akaanza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019, akalazwa Januari mwaka huu wa 2023, na muuguzi alipomsihi avute subira, alimjibu, "Subira ninayo tele, mwanangu, ninayemkosa ni mwenyewe aliyenifundisha." Alituacha alfajiri ya tarehe 9 Februari, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani waliovumilia moshi wetu, na makanika, aliyefika leo bila kinyongo.

Pumzika kwa amani, Mama, wala usiharakishwe na mtu.