Njia ya Maji Siwagawii

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifunguamimba usisimame mlangoni kama mpangaji aliyekuja kuaga. Kaa hapa ukingoni mwa kitanda, maana sauti niliyobakiziwa ni ya watu watatu tu, nami sitaki neno hata moja lipotelee sakafuni. Dada yenu ameshaninywesha dawa, kifua kimenipa ruhusa kidogo, na mchana huu najiona mwepesi kama mtu aliyetua zege begani. Msilie. Anayelia hasikii, na mimi leo nataka kusikiwa.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, wala isiuzwe maadamu mmoja wenu hana pa kulaza ubavu. Shamba la mlimani ni lako, kifunguamimba, kwa kuwa wewe ndiwe uliyelilima siku ambazo mimi nilibakiwa na nguvu za kulalamika tu. Vitabu vyangu, vya dini na vya tungo za wahenga, achukue binti yangu. Mchwa wamekula kurasa za mwanzo za baadhi yake, lakini usisikitike, mwanangu, aghalabu hizo ni kurasa za kuwasifu wafalme waliokwisha kufa. Nawe kitindamimba, uliyenifuata katika uashi, chukua sanduku la vyombo: mwiko, timazi, pima maji na kamba. Timazi usimwazime mtu. Mtu huazima timazi akarudisha uzi.

Lakini pale nyuma ya nyumba, ilipokuwa stoo, hatua nne kwa kumi na mbili, pale siwagawii. Si kwamba nawanyima. Sina cha kuwapa. Pale ni njia ya maji, na ilikuwa njia ya maji kabla babu yenu hajaweka jiwe la kwanza hapa. Sikilizeni basi niwaambie nilivyoiba njia hiyo, ili asije mtu akawahadithia kinyume nikiwa siwezi tena kujibu.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Mama yenu, Mola amrehemu, alikuwa na mimba ya huyu kitindamimba, na nyumba ilikuwa imetubana. Nyuma palikuwa na mfereji wa zamani, umejengwa kwa mawe na kufunikwa kwa mawe, kazi ya mafundi ambao hata wazee wa wakati ule hawakuwajua kwa majina; mkavu, umejaa panya tu. Nikaujaza kifusi, nikaupiga saruji mdomoni, nikasimamisha stoo juu yake. Mama yenu akaniuliza, "Na mvua ikirudi, baba watoto?" Nikamwambia, "Mwashi ni mimi au ni wewe?" Akanyamaza. Kunyamaza kwake nilikuhesabu ushindi, na kumbe mwanamke yule alikuwa ananiachia nafasi ya kufikiri, nami sikuitumia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta pasipo ufa, na ufa nikaupeleka kwa jirani. Mvua iliporudi, maji yalikuja kwa njia yake, yakaikuta imefungwa, yakazunguka nyumba yetu na kumshukia fundi cherehani pale chini, rafiki yangu tuliyesoma naye kwa ubao mmoja. Vyerehani vikazama mpaka kwenye pedali. Sare za shule alizokuwa akizishona zikaelea chumbani kama samaki waliokufa. Alikuja kwangu asubuhi yake, suruali imeloa hadi magotini, akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, maji yamepotea njia. Hebu tuangalie huko nyuma kwako." Nami, kwa kuwa nilijua, nikawa mkali. Nikamwambia mbele za watu, "Angalia msingi wako kwanza. Nani alikutuma ujenge bondeni kama chura?"

Neno hilo moja, wanangu, lilimganda. Kwa miaka kumi na tisa mtaa mzima umemwita Fundi Chura, na nyinyi mmemwita hivyo, mwingine akiwa bado amebebwa mgongoni. Wazee walipotukalisha tupatane, niliapa kwamba sikuziba mfereji wowote. Nilijiambia moyoni kuwa kilichokauka si mfereji tena, ni shimo, na kwa hiyo kiapo changu ni safi. Mjinga angesema uongo wake wazi akatubu haraka. Mimi nilikuwa nimesoma, na elimu yangu nikaifanya kamba ya kujifungia. Fundi aliniangalia tu, akavaa viatu vyake, akaondoka, na tangu siku ile hatukuulizana hali.

Halafu, baada ya miaka mingi, tukapewa baraza la mji, letu wenyewe. Mnakumbuka nilivyocheka. Zamani ukitaka hata karatasi ya kuzaliwa mtoto unasafiri siku nzima, unaambiwa karani kaenda msibani. Sasa tukaambiwa tujihudumie. Wajumbe wakakutana katika ghala la zamani la magunia, kwenye viti vya kukodi vya harusi, na mwenyekiti wakamchagua mkunga, yule yule aliyempokea huyu kitindamimba. Nikasema barazani pa kinyozi, "Mkunga atatuongoza kwa lipi? Atajua kutuambia nini, ila sukuma?" Habari zikamfika. Tulipokutana njiani akacheka, akasema, "Mzee, hata wewe ipo siku nitakwambia sukuma."

Mwaka ule wa kwanza ukaninyang'anya maneno ya dhihaka kinywani moja baada ya jingine. Trekta la taka likaanza kupita Jumanne na Ijumaa, na lile rundo karibu na shule, lililokuwa mlima wa mbuzi, likaondoka tukaona kumbe nyuma yake kulikuwa na ukuta, tena niliujenga mimi. Bomba likafika njia panda. Zahanati ikapata muuguzi wa pili na chumba cha kujifungulia chenye mlango unaofungika. Wewe binti yangu ulipata karatasi ya mwanao ndani ya wiki, ukarudi ukiipepea kama bendera. Taa tatu zikawekwa kwenye mteremko. Moja ikafa upesi, lakini mbili zinawaka hadi leo. Kisha wakafika kwenye mfereji.

Walichimba kutoka mtaa wa juu vizuri kabisa, na wakachimba kutoka chini, ila katikati, nyuma ya uzio wetu, maji yakawa bwawa upande mmoja na vumbi upande wa pili. Yule kijana mtaalamu wa baraza akaja akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Mzee, ramani hatuna. Ramani ni wewe. Mfereji wa zamani ulipita wapi?" Nami nikanyoosha fimbo hii kuelekea shuleni, mashariki, kwenye mwamba. Wiki mbili walipasua mwamba, wanangu! Nilisikia sururu zao kila asubuhi nikiwa na chai mkononi.

Basi ikaja siku ya taarifa ya mwaka. Nilikwenda nikitarajia kusikia watu wakijisifu, kwa maana ndiyo desturi ya wenye viti. Mkunga akasimama uani pa ghala, akasoma yaliyofanyika, watu wakapiga makofi, kisha akageuza ukurasa akasema, "Sasa yaliyotushinda." Akasoma kuwa mabomba ya mtaa wa juu waliagiza membamba, na akasema, "Hapo tulikosea." Akasoma kuwa mfereji haukukamilika kwa sababu walichimba mahali pasipokuwa penyewe, na akasema, "Kijana wetu asilaumiwe. Kosa ni la baraza, na mbele yenu nalibeba mimi."

Nimeishi miaka mingi, nimewaona machifu, makarani na wakubwa wa kila namna ya kofia. Sikuwahi kusikia mwenye kiti akisema mbele ya watu, tulikosea. Na kosa lenyewe alilokuwa akilibeba lilikuwa langu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yule hakuvuliwa na mtu, alijivua mwenyewe, na mimi mwenye uchi halisi nimekaa kitini nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Mimi...", nikarudia, "mimi..." Mkunga akanitazama, akaelewa kuna jambo, akasema kwa sauti ya kazi yake, "Sukuma, mzee." Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko kile kile nikasema yote: mfereji, kifusi, saruji, kiapo, fimbo niliyoinyoosha mashariki.

Kicheko kilikatika. Fundi cherehani alikuwa nyuma kabisa. Akaja akipita katikati ya viti, polepole, nami nikasema, "Nilikudhulumu." Akasema, "Ulinidhulumu, ndiyo. Miaka kumi na tisa naitwa chura. Lakini keti kwanza, mwashi, usije ukaanguka tukakosa wa kutuonyesha pa kuvunja." Akanishika kiwiko. Mkono ule ule aliokuwa akiuandikia ubao wetu mmoja.

Jumatatu yake stoo ikavunjwa. Wewe kitindamimba ulipiga nyundo ya kwanza kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kuzaliwa kwako, na hukuniuliza neno, Mola akulipe. Saruji ilipopasuka maji yakatoka mekundu yakisukuma kifusi changu mbele yake, na mtaa ukashangilia kama harusini. Tangu hapo zimenyesha mvua mbili kubwa. Sakafu ya fundi ni kavu. Nami nimelala usingizi ambao sikuulala tangu nilipokuwa na meno yote.

Ila sijamaliza, na hapa ndipo penye uzito. Kifunguamimba wangu, najua umewaandikia baraza barua. Usiinamishe kichwa, sikuiti hapa kukuaibisha. Umedai kwamba stoo ilivunjwa bila haki, nasi turuhusiwe kuijenga upya pale pale. Mkunga alikuja kuniona juzi, wala hakukusema vibaya. Aliniambia tu kwamba barua ikiwa mezani, mafuniko ya mfereji hayawezi kuwekwa, na kwamba mimi nikiondoka, mwenye sauti juu ya kiwanja utakuwa wewe. Unaona basi. Ninakwenda mbele ya Muumba wangu, na toba yangu iko mikononi mwako.

Unasema nini? ... "Walivunja bila karatasi." Kweli, bila karatasi. Walivunja kwa ulimi wangu, na ulimi wangu uliwahi kufunga mfereji ule kwa kiapo; acha basi uwe umeufungua kwa kauli. Na tena? ... "Watu watatucheka." Wacheke, mwanangu. Kicheko hakiingii nyumbani kwa mtu kikalowesha godoro. Wewe ulikuwa na miaka minane nilipomtukana fundi, ulisimama kando yangu ukajivunia baba yako. Nilikufundisha vibaya siku ile. Leo nakufundua, na mwalimu anayefundua ana kazi ngumu kuliko anayefundisha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini usiuache ukaota mguuni mwa wanao.

Maji... nipeni maji kidogo. Inatosha.

Msinizike kwa makeke. Mchanga uliomwagwa nyuma kwa ajili ya kuijenga stoo upya, upelekeni ukafanye mafuniko ya mfereji. Fundi akija msibani asiketi na wageni. Aketi nanyi, na mmwite baba mdogo. Na baraza hili mlihudhurie. Likifanya vyema semeni limefanya vyema, likikosea liambieni wazi, lakini kila likisema "tulikosea" msilitukane, maana watu wakitukanwa kwa kusema kweli watarudia kuficha, na mficha ni mimi, nawajua wafichaji.

Mlionyonya titi moja, msigawanyike kwa hatua nne. Mwenyezi Mungu awape riziki isiyomnyima jirani, awape ulimi unaotangulia kuomba radhi, awafungulie... awafungulie kila pito...

Nini hiyo unatoa mfukoni? Nakala ya barua? Usiichane, baba. Ukiichana hapa, ile ya ofisini inabaki hai. Nenda nayo mwenyewe. Mwambie mkunga kwa kinywa chako kwamba umeiondoa, aandike, nawe utie saini chini ya maneno yako. Ofisi yao hufunga saa tisa, na jua naliona bado liko dirishani. Pita kwa baba yako mdogo mwende wote, yeye anajua kutembea taratibu na mtu mwenye aibu.

Nenda, mwanangu. Radhi zangu nimekupa zote, sikubakiza. Nyinyi wawili nishikeni huku... na huku. Mimi nitamngoja. Kama nikiweza... nitamngoja.